Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Malango na Kuta za Castle Howard

Castle Howard ni kasri la mashambani lililoko Yorkshire ya Kaskazini, nchini Uingereza, takriban kilomita 24 kutoka mji wa York. Wengi huja kwa ajili ya kuba, vyumba, picha za ukutani na bustani ya waridi. Ukurasa huu unahusu kile ambacho wageni hao hukipita kwa kasi wakiwa ndani ya magari kabla hawajaliona kasri lenyewe, yaani malango mawili makubwa ya mawe, kuta zenye minara zinazokata mashamba, na kuta nyingine za mipaka ambazo bila hizo kasri hili lisingeeleweka.

Je, Castle Howard ni ngome?

Hapana. Neno "castle" lina maana ya ngome, na jina hilo limewapotosha wengi, lakini jengo hili lilibuniwa kuanzia mwaka 1699 likiwa makazi ya fahari ya Charles Howard, Earl wa Tatu wa Carlisle (Earl ni cheo cha kurithi cha makabaila wa Kiingereza), wakati ambapo matajiri wa Uingereza hawakuwa tena na haja ya kujificha nyuma ya kuta wakihofia majeshi ya majirani. Palikuwa na ngome ya zamani mahali hapo, iliyoitwa Henderskelfe, nayo iliteketea kwa moto mwaka 1693. Jina la ngome lilibaki, na pamoja na jina ilibaki tamaa ya kuonekana kama mwenye ngome. Kasri lenyewe halina meno ya ngome juu ya kuta zake wala mashimo ya kurushia mishale. Vitu vya kivita vilihamishiwa nje, kwenye malango na kuta za mbali, na huko ndiko vinakopaswa kutazamwa.

Nani alibuni malango na kuta hizi?

Ni watu wawili ambao majina yao hayatenganishiki na Baroki ya Kiingereza, mtindo wa ujenzi wenye fahari na mapambo mengi. Wa kwanza ni John Vanbrugh, aliyezaliwa mwaka 1664, mtunzi wa tamthilia ambaye hakuwa amejenga hata kibanda kabla Earl hajamkabidhi kasri zima. Wa pili ni Nicholas Hawksmoor, mtu mkimya zaidi, aliyefunzwa kazi na msanifu majengo Christopher Wren na aliyejua hesabu za mawe na mbao kuliko mtu mwingine yeyote wa kizazi chake. Lango la Piramidi na kuta zenye minara ni kazi ya Vanbrugh, na Lango la Carrmire ni kazi ya Hawksmoor. Hata hivyo ni vigumu kuchora mstari kamili kati ya fikra za wawili hao, kwa sababu walishirikiana kwa miaka mingi, hapa na pia kwenye kasri la Blenheim. Mtu wa tatu asiyepaswa kusahauliwa ni Earl mwenyewe, ambaye kwa karibu miaka 40, hadi kifo chake mwaka 1738, hakuacha kujenga.

Kwa nini mgeni hupita lango zaidi ya moja?

Swali hili ndilo ningependa kila mgeni ajiulize, kwa kuwa jibu lake linabadilisha namna ya kuitazama safari nzima. Barabara inayoelekea kasri ni mstari ulionyooka wa takriban kilomita 8 unaopanda na kushuka juu ya vilima bila kukwepa hata kimoja, huku miti ikiwa imepandwa pande zote mbili. Anayetoka kusini hukutana kwanza na nguzo ndefu ya ukumbusho wa Earl wa Saba, iliyojengwa mwaka 1869 na 1870. Kisha hupita chini ya Lango la Carrmire, la mwaka 1730 hivi. Baada ya hapo hufika Lango la Piramidi la mwaka 1719, na mwishoni mwa mwinuko hukuta obeliski, yaani nguzo ndefu ya mawe yenye ncha, ya mwaka 1714, ambapo barabara ya kwenda kasri inakata kuelekea mashariki.

Ukiipanga miaka hiyo kwa mfuatano wa safari utaona kwamba inarudi nyuma: 1870, 1730, 1719, 1714, na hatimaye kasri lililoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 18. Mgeni anapoingia ndani zaidi ndivyo anavyoingia katika miaka ya zamani zaidi. Hakuna aliyekaa chini akapanga jambo hilo. Lilitokana na ukweli kwamba mwenye mali alianza katikati na kusogeza mpaka wake nje, lango baada ya lango, na kila aliposogea alimwambia mgeni mapema zaidi kwamba sasa amekanyaga ardhi ya Howard. Ndiyo maana nashauri malango haya yasomwe kama alama za mpaka uliokuwa ukikua, kuliko kuonekana kuwa mapambo ya njiani.

Lango la Piramidi lina upekee gani?

Ni tao moja pana lililobebwa na jengo zito la mawe, na juu ya tao hilo, badala ya paa au sanamu, imekaa piramidi. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa bahati. Piramidi zinajirudia sehemu nyingi za Castle Howard, na kubwa kuliko zote, iliyobuniwa na Hawksmoor mwaka 1728, ilisimamishwa kwa kumbukumbu ya Lord William Howard, babu wa ukoo aliyefariki mwaka 1640. Kwa watu wa wakati ule waliosoma habari za Roma na Misri, piramidi lilikuwa umbo la kaburi na la kudumu, na kuliweka juu ya lango kulikuwa na maana ya kusema kwamba ukoo huu ulikuwapo na utaendelea kuwapo.

Mabawa mawili ya chini yanayoonekana leo pembeni mwa tao hayakuwa sehemu ya kazi ya Vanbrugh. Yaliongezwa mwaka 1756, wakati wa Earl wa Nne, ili yatumike kupokea wageni waliokuja kutazama kasri. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba tayari katika karne ya 18 kulikuwa na watalii wa kutosha hadi lango likageuzwa kuwa nyumba ya wageni, lakini ndivyo ilivyokuwa: watu wa tabaka la juu na la kati walisafiri kwa magari ya farasi kutoka kasri moja hadi jingine, na mtunza nyumba aliwaonyesha vyumba kwa bakshishi.

Na Lango la Carrmire?

Hawksmoor alifanya kitu kikali zaidi. Mawe ya lango hili yameachwa na uso mbaya kwa makusudi, kana kwamba yametoka machimboni jana, na juu ya tao ameweka pembetatu ya mawe kama ile ya mahekalu ya kale, huku piramidi ndogo zikisimama pembeni na kuta zenye meno zikinyooka kulia na kushoto hadi kwenye minara. Kwa hiyo katika jengo moja dogo mtu anakutana na hekalu la Kirumi, kaburi la Kimisri na boma la Kiingereza la zama za kati. Vitu hivi vitatu havikupaswa kukaa pamoja, na mbunifu mwenye kipaji kidogo angetoa kichekesho. Hapa vinakaa, kwa sababu uzito wa mawe ni mmoja na ukali wa mistari ni mmoja. Binafsi naliona lango hili kuwa bora kuliko lile la Piramidi, ingawa ndilo ambalo madereva hulipita bila hata kupunguza mwendo zaidi ya ulazima.

Kuta zenye minara zilijengwa kumzuia nani?

Hazikujengwa kumzuia mtu yeyote. Pande zote mbili za Lango la Piramidi umenyooshwa ukuta wa mawe wenye meno juu yake na minara 11 iliyopangwa kwa nafasi, na minara hiyo haifanani, kwa maana mingine ni ya mraba, mingine ni ya pembe nyingi, na mingine ni ya duara. Ukiutazama kutoka mbali, hasa asubuhi jua linapoupiga ubavu, utaapa kwamba nyuma yake kuna mji. Ukiukaribia utagundua kwamba nyuma yake kuna mashamba yaleyale yaliyo mbele yake, na kwamba ukuta huo hauzunguki mali yote bali unakoma tu mashambani. Adui angeweza kuuzunguka kwa miguu bila hata kutoa jasho.

Ulikuwa ukuta wa kutazamwa. Lakini nawaomba wasomaji wasiharakishe kusema kwamba kwa hiyo ni ukuta wa uongo. Earl mwenyewe alichonga maandishi kwenye obeliski mwaka 1731, akieleza kwamba alijenga kasri mahali ilipokuwa ngome ya Henderskelfe, akapanda miti, na kusimamisha kile alichokiita kazi zote za nje na minara ya ukumbusho, akiwa ameanza mwaka 1702. Neno la Kiingereza alilolitumia kwa hizo kazi za nje ni neno la wahandisi wa kijeshi, linalomaanisha ngao za mbele zinazojengwa nje ya ngome kuu ili adui achoke kabla hajafika. Mwenye mali alijua vyema anachokisema. Alitaka mtu anayekaribia nyumba yake apite hatua kwa hatua katika ulinzi ambao haukulenga mwili wake bali macho yake.

Je, ulifanikiwa? Horace Walpole, mwandishi aliyekuwa mgumu kusifu, alifika mwaka 1772 na kuandika katika barua kwamba hakuna aliyemtahadharisha kuwa kwa mtazamo mmoja angeona kasri, mji, mji wenye boma, mahekalu juu ya vilima na misitu. Mji wenye boma alioutaja ndio ukuta huu. Haukuwa na mji, na bado aliuona.

Vanbrugh aliyapata wapi mawazo ya ngome?

Kuna mambo matatu katika maisha yake yanayosaidia kujibu. Alikulia Chester, mji ambao hadi leo umezungukwa na kuta za kale, na mtoto anayecheza juu ya ukuta wa mji hausahau. Akiwa kijana alifanya kazi Surat, India, kwa niaba ya Kampuni ya Uhindi Mashariki. Surat ni bandari ambayo jina lake si geni katika historia ya biashara ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, na Vanbrugh aliyakumbuka majengo ya huko kiasi kwamba mwaka 1711, alipotoa ushauri kuhusu makanisa mapya ya London, aliambatanisha mchoro wa makaburi ya Waingereza ya Surat. Kisha kuanzia mwaka 1688 hadi 1692 alikuwa mfungwa nchini Ufaransa, na sehemu ya mwisho ya kifungo hicho aliipitisha ndani ya Bastille, ngome iliyokuwa na minara minane. Sitasema kwamba minara ya Castle Howard ni minara ya Bastille, lakini mtu huyu aliijua ngome kwa kuikaa, jambo ambalo wabunifu wenzake hawakulipata.

Alikuwa pia na hoja ya kisanaa. Mwaka 1707, alipokuwa akijenga upya jengo la Kimbolton, aliandika kwamba alitaka kulipa jengo hilo sura ya ngome, kwa kuwa aliamini ingependeza kuliko nguzo za kawaida. Miaka 12 baadaye, hapa Yorkshire, aliipeleka fikra hiyohiyo nje ya nyumba.

Je, kuna watu waliohamishwa ili mali hii ijengwe?

Ndiyo, na maelezo mengi ya kitalii hulipita jambo hili kwa sentensi moja. Henderskelfe haikuwa ngome pekee. Palikuwa pia na kijiji chenye jina hilo, chenye kanisa na mtaa wake. Kijiji kilifutwa ili kasri na bustani zipate nafasi. Mtaa wa kijiji haukupotea kabisa, kwani njia pana ya nyasi inayoelekea kwenye Hekalu la Pepo Nne, jengo la mapambo la bustanini, inafuata mkondo wake. Mgeni anayetembea hapo Jumapili akifurahia sanamu na mandhari anatembea mahali walipopita watu wakienda kisimani na kanisani.

Kufuta kijiji kwa ajili ya bustani halikuwa jambo la Castle Howard peke yake. Karne ya 18 ilikuwa karne ya kufunga ardhi nchini Uingereza: mashamba ya pamoja na malisho ya wanakijiji yaligawanywa na kuzungushiwa ua na kuta, mara nyingi kwa sheria maalumu iliyopitishwa na Bunge kwa kila eneo, hadi Bunge lilipotunga sheria za jumla mwaka 1801 na 1845 ili kurahisisha utaratibu huo. Hivyo ukuta wa mpaka una pande mbili. Kwa upande wa ndani ni sanaa. Kwa upande wa nje, kwa mtu aliyekuwa akilisha ng'ombe wake mmoja kwenye ardhi ya wote, ulikuwa tangazo kwamba ardhi ile si ya wote tena. Mtu anayezipenda kuta hizi, nami nazipenda, anapaswa kuzijua pande zote mbili.

Kuta za mipaka zilikuwa na kazi gani ya kila siku?

Kwanza, wanyama. Kulungu walifugwa katika viwanja vya matajiri tangu zama za kati, na kulungu huruka. Kwa hiyo uzio wa kiwanja cha kulungu, uwe wa mbao zilizochongwa au wa mawe, ulipaswa kuwa mrefu, na gharama yake ndiyo sababu kulungu walikuwa alama ya utajiri. Pili, mbao na kuni. Tatu, majangili. Mwaka 1723, wakati kuta za Castle Howard zikiwa mpya kabisa, Bunge lilipitisha Sheria ya Weusi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya wawindaji waliojipaka masizi usoni, na sheria hiyo iliongeza makosa mengi yaliyoweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, yakiwemo ya kuwinda kulungu na kukata miti ya watu. Chanzo chake kilikuwa matukio ya kusini, si Yorkshire, lakini ilitumika nchi nzima, na sehemu kubwa ya sheria hiyo haikufutwa hadi miaka ya 1820.

Na kuta za bustani ya matunda?

Hizo ni familia nyingine. Bustani iliyozungushiwa ukuta hujengwa ili kutengeneza hali ya hewa yake: ukuta hukinga upepo, hunywa joto la jua mchana na kulitoa usiku, na miti ya pichi na pea iliyotandazwa juu yake huzaa mahali ambapo isingezaa. Baadhi ya kasri zilijenga hata njia za moshi ndani ya ukuta na kuwasha moto nyakati za baridi kali. Katika Suffolk, mashariki mwa Uingereza, kuna kuta za matofali zinazojipinda kama nyoka. Mpindo wake huuwezesha ukuta wa tofali moja tu kusimama bila mihimili, na hivyo kuokoa matofali. Kutoka mwaka 1784 hadi 1850 matofali yalitozwa kodi nchini Uingereza, kwa hiyo akiba hiyo haikuwa ndogo.

Castle Howard ina lango lake la bustani linalostahili kusimamiwa kwa dakika kadhaa. Linaitwa Lango la Satiri, lilichongwa na Samuel Carpenter mwaka 1705 hivi, na lina nyuso za satiri, viumbe wa hadithi za Kigiriki waliokuwa nusu mtu na nusu mbuzi. Ni dogo, na limetangulia malango yote ya barabarani kwa zaidi ya miaka 10.

Ha-ha ni nini?

Ni ukuta uliozamishwa ndani ya handaki. Upande wa nyumba ardhi inakwenda sawa hadi ukingoni na ukuta wa mawe unashuka wima. Upande wa pili ardhi inapanda polepole. Aliye dirishani huona nyasi zikiendelea hadi upeo wa macho, na ng'ombe aliye malishoni hukuta ukuta asioweza kuupanda. Jina linasemekana kutokana na mshangao wa mtu anayefika ukingoni ghafla. Mfano wa mapema sana nchini Uingereza uko Levens Hall, wa miaka ya 1690, kazi ya Guillaume Beaumont, na mbunifu wa bustani Charles Bridgeman aliueneza alipoutumia kwa upana kwenye bustani za Stowe.

Ha-ha iliubadilisha ukuta wa mpaka kutoka kitu cha kuonyeshwa kuwa kitu cha kufichwa. Baada ya mwaka 1750 matajiri wengi walitaka ardhi yao ionekane haina mwisho, na kuta za karibu na nyumba zilibomolewa kwa wingi. Kwamba kuta za Vanbrugh zilipona badiliko hilo la mitindo ni jambo la kushukuru.

Mbona malango haya hayasifiwi kwa kazi ya chuma?

Kwa sababu uzuri wake uko kwenye mawe. Anayetafuta chuma cha kufua aende Hampton Court, ambako Jean Tijou, mhunzi kutoka Ufaransa, alimtengenezea mfalme William wa Tatu uzio uliojaa majani na taji. Inafaa kuongeza kwamba mwaka 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya Uingereza ilianza kuchukua nyuzio na malango ya chuma kwa lazima ili yayeyushwe, isipokuwa yale yenye thamani ya kihistoria au ya kisanaa. Katika miji mingi vishina vya nondo vilivyokatwa bado vinaonekana juu ya kuta fupi za mawe. Lango la mawe halikuwa na faida kwa kiwanda cha silaha, na hilo lilikuwa salama yake.

Kwa nini mafundi hukataa kutumia saruji kuzikarabati?

Hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa kosa hili limeharibu kuta nyingi kuliko mvua. Ukuta wa karne ya 18 ulijengwa kwa mawe yaliyounganishwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Chokaa ni laini kuliko jiwe na ina vinyweleo. Maji yanayoingia ukutani hutoka kupitia kwenye viungo vyake, na ukuta unaposogea kidogo kwa joto na baridi, chokaa hukubali kusogea nao. Ikipukutika baada ya miaka mingi, fundi huikwangua na kujaza nyingine. Chokaa ndiyo inayokufa ili jiwe liishi.

Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Ukijaza saruji kwenye viungo vya ukuta wa zamani, maji hukosa njia na kulazimika kutoka kupitia uso wa jiwe. Majira ya baridi yakifika, maji hayo huganda, hutanuka, na uso wa jiwe hubanduka kama maganda. Baada ya miaka 20 au 30 utauona ukuta wenye mistari ya saruji iliyochomoza na mawe yaliyoliwa katikati yake. Waashi wa Lamu na Unguja waliorithi kazi ya kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hawahitaji kuelezwa jambo hili mara mbili, maana wameliona kwa macho yao kwenye nyumba za Mji Mkongwe zilizopigwa lipu ya saruji.

Mambo mengine ya kuangaliwa ni mawe ya kifuniko yaliyo juu kabisa ya ukuta, ambayo yakitoka huacha maji yaingie katikati, mizizi ya miti, mimea itambaayo, ambayo ikishaota ndani ya viungo haipaswi kung'olewa kwa nguvu bali hukatwa chini na kuachwa ikauke, na magari. Malango ya Castle Howard yalipimwa kwa gari la farasi, na leo kila tao hupitisha gari moja kwa wakati mmoja.

Sheria inazilindaje?

Tangu sheria ya mipango ya mwaka 1947, majengo yenye thamani ya kihistoria nchini Uingereza huandikwa katika orodha ya taifa. Yamegawanywa katika daraja la I, la II lenye nyota, na la II. Daraja la I ni takriban asilimia 2.5 tu ya majengo yote yaliyoorodheshwa. Lango la Piramidi na Lango la Carrmire yote yako daraja la I, na bustani pamoja na viwanja vyake vimo kwa daraja hilohilo katika rejista ya bustani za kihistoria.

Kuna kipengele ambacho wenye nyumba za zamani hukisahau. Kitu chochote kilichomo ndani ya kiwanja cha jengo lililoorodheshwa, kama kilikuwapo kabla ya tarehe 1 Julai 1948, huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo hilo hata kama hakikutajwa. Ukuta wa nyuma ambao hakuna aliyeuandika unaweza kwa hiyo kuwa na ulinzi uleule wa nyumba, na kuubomoa bila kibali ni kosa la jinai. Ukarabati mdogo kwa vifaa vilevile na kwa namna ileile kwa kawaida hauna tatizo. Kupanua lango ili lori lipite ni jambo linalohitaji kibali.

Je, inawezekana kuona malango na kuta bila kukata tiketi?

Inawezekana. Kasri na bustani, ambavyo vilifunguliwa kwa umma mwaka 1952, vina kiingilio, lakini barabara inayopita chini ya malango yote mawili ni ya umma. Ninashauri mgeni aje kutoka kusini, asitoke upande mwingine, kwa sababu mpangilio mzima ulifikiriwa kwa macho ya anayepanda kutoka huko. Asisimamishe gari chini ya tao. Baada ya Lango la Piramidi atafute mahali salama, ashuke, na ageuke kuutazama ukuta kwa upande wake wa ndani, ambao wapita njia hawauoni, kisha apande hadi kwenye obeliski na kuyasoma maandishi ya mwaka 1731. Herufi bado zinasomeka, na katika mistari ya beti iliyotangulia maelezo ya ujenzi, Earl anawaeleza warithi wake kwamba nguzo hiyo itatangaza umri wa miti yake kwa muda wote ambao wakati utaziacha herufi hizo zisifutike.